Upande wa Mwenye Mawingu

Vitabu vile vilinuka unyevu. Sijui namna nyingine ya kuanza, kwa sababu harufu ndiyo iliyonifikia kabla ya neno lolote lililochapishwa ndani yake. Mtu aliyekulia penye mvua huenda asinielewe. Kwetu Kakuma kila kitu kilinuka ukavu: vumbi, samadi ya mbuzi iliyogeuka unga, ngozi iliyoanikwa juani, moshi wa makaa, jasho lililokauka shingoni kabla halijateremka. Sasa mtoto wa huko anafunguliwa boksi lililotoka ng'ambo, anainama, na pua yake inakutana na kuvu, gundi iliyolegea na karatasi zilizolala mahali pa baridi kwa miaka. Nilirudi nyuma. Nilidhani kuna kitu kimefia humo ndani. Rafiki yangu Ayen, ambaye ndiye aliyenileta pale, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachagua kitabu kinene kuliko vyote, akakifungua katikati na kunisukumia usoni, kama anayemnusisha dawa mtu mwenye mafua.

Ayen alikuwa Mdinka wa Sudan Kusini, na familia yao iliishi katika kambi ya wakimbizi. Mimi ni Mturkana, mtoto wa Kakuma mjini, ng'ambo ya Tarach, ule mto wetu ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Tulisoma darasa moja na tulikuwa na urefu mmoja, jambo ambalo halikudumu, maana yeye aliendelea kurefuka mimi nikabaki hapa nilipo. Chumba cha vitabu kilikuwa upande wao wa mto, ndani ya kontena la chuma lililotobolewa madirisha, na mlinzi wake alikuwa mzee mmoja Mkongo aliyevaa koti hata mchana wa jua kali. Mtoto wa mjini hakuruhusiwa kuazima. Ayen aliazima kwa jina lake, akavuka mto na kitabu ndani ya mfuko wa unga, tukakisoma pamoja. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika riwaya ndefu za falme, panga na mazimwi, na tangu siku ile uhusiano wangu nazo haujawahi kuwa wa kuaminiana.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa chenji naigeuza, nikisifiwa nasubiri kuombwa kitu. Wenzangu katika shule ya wasichana ninakofundisha hapa Lodwar wananiambia ningefaa kuwa polisi. Nafikiri tabia hii niliirithi kwa Ata, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kiturkana, mama yake baba yangu. Alitoka Kalemng'orok na mbuzi wake ukame ulipozidi, akaja kukaa kwetu, akatandika ngozi yake chini ya kivuli cha paa, akaanza kushuku kila kitu kilichopita mbele yake: maji ya bomba, unga wa msaada, redio ya baba, daktari, hata mahubiri ya Jumapili aliyahudhuria kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Hakuwa na hekima za kutuachia watoto. Alikuwa na maswali tu, na tumbaku mdomoni, na mara nyingi alikosea. Aliamini hadi kufa kwake kwamba sabuni ya unga ndiyo iliyoleta nzi Kakuma.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya vitabu vitatu. Jina lake sitalitaja. Sina hakika kama mwandishi wake amenikosea kiasi cha kumtangaza. Kulikuwa na mwana wa mfalme aliyelelewa na fundi wa chuma bila kujua yeye ni nani, upanga uliotoa nuru, mzee mwenye ndevu aliyejua kila kitu ila hakusema chochote kwa wakati, na utabiri wa zamani kwamba kijana huyo angerudisha jua. Maana adui yao alikuwa bwana mmoja wa milima ya mashariki aliyekusanya mawingu. Alikuwa na jina refu lisilotamkika, basi sisi tukamwita Mwenye Mawingu. Tulisoma kwa zamu: mmoja alisoma Kiingereza kwa sauti, mwingine akaigeuza sentensi kwa Kiswahili chetu cha shuleni na kambini, na pale ambapo sote wawili hatukuelewa tulijaza kwa akili zetu. Tulijaza sana.

Sasa tazama tulivyopotea. Sura ya kwanza inaanza na wingu jeusi kutanda juu ya milima. Watu wa kijijini wanatoka nje, wanalitazama, wanalia. Mimi na Ayen tulifurahi kupita kiasi. Kwetu wingu la namna hiyo likionekana upande wa Uganda, akina mama walitoka nje na kupiga vigelegele, na wengine walilia kweli, hasa mwaka ambao mbuzi walikuwa wamebaki mifupa. Mimi mwenyewe naitwa Akiru kwa kuwa nilizaliwa mvua ikinyesha, na jina hilo mtu hupewa kama zawadi. Kwa hiyo tulijua kabisa wale watu wa kitabuni wanalia kwa nini. Ukurasa uliofuata wanafunga mizigo na kukimbia bondeni. Tukasema ni sawa, nani atabaki bondeni maji yakija, hata Tarach ikishuka na mafuriko watu huhama. Kisha wakapiga kengele kanisani, tukasema wanashukuru. Tulisoma hivyo mpaka karibu na katikati ya kitabu, tukimpenda Mwenye Mawingu na kushangaa kwa nini anachelewa, na yule mwana wa mfalme tukimwona kijana mkorofi anayezunguka nchi nzima na upanga ili kuzuia mvua isinyeshe.

Siku tuliyogundua kwamba mwandishi hakuwa upande wetu naikumbuka vizuri. Ayen aliinua macho kutoka kwenye ukurasa, akauma mdomo. "Akiru," akasema, "hawa watu wanachukia yeye. Hii kitabu yote inachukia yeye." Ata alikuwa ameketi karibu na kutaka kujua mbona tumenyamaza, kwa kuwa alizoea kusimuliwa kila tulichosoma. Nikamweleza kwa Kiturkana kwamba yule mwenye mawingu ndiye adui.

"Amechukua ng'ombe za nani?" akauliza.

Nikatafuta kichwani. "Hajachukua."

"Ameua mtu?"

"Bado. Wanasema ataua."

"Wanaosema ni nani?"

"Mwana wa mfalme. Na yule mzee wake."

Ata akatema tumbaku pembeni. "Na yeye mwenyewe mmemsikia akisema neno lolote?"

Hatukuwa tumemsikia. Katika kurasa zote zile Mwenye Mawingu hakupewa nafasi ya kufungua kinywa. Ata akatutazama kama watoto waliotumwa dukani wakarudishiwa chenji pungufu, kisha akauliza lile swali ambalo limeniharibia starehe ya riwaya hizi maisha yangu yote: wale farasi, maelfu kwa maelfu wanaokwenda vitani kila siku, wanakunywa wapi? Tulirudi kupekua. Farasi walikuwa wamekunywa mara moja tu, na hata hiyo mara moja ni kwa sababu mwana wa mfalme alitaka kujitazama usoni kwenye maji. Sisi hatukuwa tumewahi kuona farasi. Tuliwawazia kama punda warefu, na heshima yetu kwa wapanda punda haikuwa kubwa. Lakini mnyama ni mnyama. Mwandishi anayesahau kunywesha mifugo, tukakubaliana, anaweza kusahau mambo mengine pia, na hafai kuaminiwa anapotuambia nani mbaya.

Basi tukaamua kusoma kwa kumpinga. Siwezi kueleza raha yake. Kila mahali mwandishi aliposema wingu la kutisha, tuliitikia kwa kupiga vigelegele vya chinichini. Kila mara mwana wa mfalme alipoponea chupuchupu, Ayen alipiga goti lake kwa hasira. Mbele ya kitabu kulikuwa na ramani, na kwenye ukingo wake wa kusini, chini kabisa, mahali ambapo mchoraji hakuchora kitu ila vitone vya mchanga, paliandikwa kwamba hiyo ni Nchi Kavu. Ayen aliweka kidole pale. "Hapa ni kwetu," akasema, na mimi nikakubali bila ubishi, ingawa kwao na kwetu si kumoja. Tangu hapo tulisoma tukisubiri hadithi itufikie. Ilitufikia katika kitabu cha pili, kwa sura moja tu. Watu wa Nchi Kavu hawakuwa na majina. Walijifunga vitambaa usoni, wakamuuzia mwana wa mfalme maji kwa bei ya kumkomoa, na alfajiri wakatoweka na farasi wake. Tulifurahi hata hivyo, kwa kuwa walikuwa na ngamia. Nilipomsimulia Ata wizi ule, alisikiliza kwa makini, akauliza kwa masikitiko, "Farasi mmoja tu?"

Cha tatu hakikuwepo. Tulipanga kwenda kukidai tukiwa tumeoga, ili tuonekane watu wa maana. Yule mzee Mkongo alitafuta juu na chini, akafungua hata maboksi ambayo hayajaguswa, akarudi akipangusa mikono kwenye koti lake. "Ya tatu haiko, mama," alimwambia Ayen, maana aliwaita mama hata wasichana wadogo. "Ikikuya, nitabaambia." Kila wiki tulirudi na kila wiki haikuwa imekuja. Nadhani mtu fulani huko ng'ambo alikipenda mno cha tatu akabaki nacho, akatutumia viwili vya kwanza kwa roho nzuri. Sijui ni hasira gani mtoto anaweza kuwa nayo kwa mtu asiyemjua, lakini mimi nilikuwa nayo.

Ukame wa mwaka ule ulikuwa mbaya. Bomba lililokuwa karibu na soko lilifunguliwa saa yoyote lilipopenda, na watu walipanga foleni ya mitungi badala ya kusimama wenyewe. Mtungi wako ulikaa mahali pako, wenye kizibo chekundu, wenye mpini uliofungwa kitambaa, na wewe ulitafuta kivuli chini ya mti wa mathenge ukauchunga kwa macho. Mimi na Ayen tulikuwa walinzi wa mitungi ya nyumba zetu. Likizo ilipoanza, shangazi yangu aliniita Lodwar nikae naye kidogo, na wakati huohuo Ayen alikwenda na mama yake mji wa Lokichoggio, tuliouita Loki kwa kifupi, kumwangalia ndugu mgonjwa. Tuliporudi tulikutana pale kwenye foleni, mitungi yetu ikiwa nyuma kabisa. Ninachokumbuka ni kwamba Ayen alikuja akitembea haraka, macho yakimng'aa, akaniambia amekiona cha tatu. Amekisoma chote huko Loki. Na siku zote zilizobaki za likizo ile, chini ya mathenge, nilisimuliwa mwisho.

Alisimulia kwa mapumziko marefu, akiruka mbele na kurudi nyuma, nami nilimkatiza kila wakati kwa maswali, kwa kuwa mimi ni mjukuu wa Ata. Jeshi la mwana wa mfalme lilifika Nchi Kavu likimfukuza Mwenye Mawingu, na farasi wakaanza kufa mmoja mmoja, kwa sababu sasa hatimaye kulikuwa na mtu aliyekumbuka kwamba farasi hunywa. Mwana wa mfalme akabaki anatembea kwa miguu, viatu vya chuma vikimuunguza. Watu wa Nchi Kavu, ambao sasa walikuwa na majina na kila mmoja na ukoo wake, walimkuta ameanguka, wakampa maziwa. Wakati huo Mwenye Mawingu alikuwa amefika kwa mara ya kwanza katika nchi ambayo hakuna aliyemkimbia. Walitoka nje kumtazama. Walimchinjia fahali mweusi mwenye doa jeupe pajini, na fahali yule aliimbiwa wimbo kabla ya kuchinjwa, wimbo mrefu wa sifa za pembe zake. Mvua ikanyesha siku nyingi mfululizo. Mwenye Mawingu akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu ukurasa wa kwanza, akasema alikuwa amechoka kufukuzwa. Na yule mwana wa mfalme hawakumuua. Walimpa mbuzi wachache wa kuanzia maisha, kama anavyopewa mtu yeyote aliyepoteza mifugo, akabaki huko akichunga, na upanga wake ukatumika kukatia miiba ya boma.

Nililia kwa furaha, nikimeza vumbi. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walidhani tumegombana. Hata Ata, nilipomsimulia, hakupata swali la haraka, na hilo lilikuwa jambo la ajabu nyumbani kwetu. Muda si mrefu baadaye, majina ya familia ya Ayen yalitoka kwenye ubao wa kambi. Walikuwa wamepata ile ambayo kila mtu kambini aliiita prosesi, yaani safari ya kuhamia ng'ambo, na waliopata prosesi waliondoka kwa haraka kabla bahati haijabadili nia. Tuliagana kandokando ya uzio wa uwanja wa ndege. Nilimpenda Ayen kama mtu anavyompenda ndugu aliyejichagulia mwenyewe, na nilishuku, kwa mara nyingine, kwamba dunia ilikuwa imenipunja.

Miaka ikapita, nikasoma, nikaolewa, nikawa mwalimu wa Kiswahili. Riwaya zile za falme sikuzigusa tena. Nilijiambia nimekua. Ukweli ni kwamba kila nilipokutana na kitabu kinene chenye ramani mbele, mkono wangu ulikwenda wenyewe, kisha nikaurudisha. Juzijuzi mwanafunzi wangu mmoja alikuja ofisini na kitabu cha kwanza cha riwaya ileile, toleo jipya lenye jalada la kung'aa, akiwa amenogewa hasa. "Mwalimu, hii umesoma?" akauliza. Nikamjibu kwa majivuno kwamba nimesoma vyote vitatu kabla hajazaliwa. Alipoondoka nikashtuka. Nilikuwa nimesoma viwili. Cha tatu nilikisikia. Na mimi, ninayehakiki hata risiti ya nyanya za sokoni, sikuwahi hata siku moja kujiuliza msichana wa umri ule aliwezaje kumaliza kitabu kinene vile, kwa Kiingereza kile, akiwa anamuuguza ndugu, Lokichoggio, mahali ambapo hata gazeti lilifika likiwa limefungiwa sukari.

Niliviagiza vyote vitatu Nairobi, vikaja kwa basi la Kitale. Kabla ya kuvifungua nilijua ninachoogopa. Kama mwisho wa kitabu ni ule aliousimulia Ayen, basi nina rafiki aliyenipa kitu cha kweli. Kama si ule, basi yule mtu pekee ambaye sikuwahi kumshuku alinidanganya machoni, siku baada ya siku, nami nikilia. Nilianza na cha kwanza ili kuchelewesha mambo. Na lazima nikiri nilikifurahia. Moyo ulinidunda palepale ulipodunda zamani, upanga ulipotoa nuru, daraja lilipokatika, mzee mwenye ndevu alipojitokeza akiwa tayari amechelewa. Nilipika ugali kwa mkono mmoja. Mume wangu aliniita mara nyingi pasipo jibu. Lakini kila raha ilikuja na mkia wake wa shaka: kwa nini waovu wote wanakaa upande wa jangwa, kwa nini mtu akiwa na damu ya kifalme makosa yake yote yanasamehewa, kwa nini watu wa Nchi Kavu wanafikishwa kitabuni ili waibe na kutoweka. Nikiwa mtoto nilimshinda mwandishi kwa kutomwelewa. Sasa nilimwelewa kila neno, na kumpinga kukawa kazi.

Cha tatu nilikisoma mchana mmoja wa Jumamosi, hapa Lodwar, joto likiwa limewalaza hata mbuzi wa jirani. Mwenye Mawingu anauawa. Anachomwa kwa ule upanga kileleni mwa mlima, na hata wakati wa kufa haongei. Anapiga ukelele tu. Mawingu yanapasuka, jua linawaka juu ya nchi nzima, na watu wanatoka nje wakicheza na kuvua nguo nzito. Watu wa Nchi Kavu hawatajwi tena hata kwa neno moja. Jua limewaka juu yao pia, nadhani. Nilifunga kitabu nikiwa na hasira ya kitoto, mimi mama mzima, kiasi kwamba nilikwenda kukoga. Halafu hasira ikahama kutoka kwa mwandishi ikamwendea Ayen. Alinidanganya. Hakukiona kitabu chochote Loki. Na alijua nitaamini, kwa sababu yeye nilimwamini.

Nilimtafuta. Ndugu yake mmoja alibaki Kakuma na anauza vitenge. Nilipata namba kwake. Ayen alipokea simu ya video akiwa jikoni, amenenepa, amesuka nywele vizuri, nyuma yake dirisha la rangi ya majivu.

"Ejok, Akiru! Wewe bado mfupi!" alipiga kelele. "Samahani, Kiswahili yangu imeota kutu."

Tulicheka, tukaulizana watoto, tukawataja waliofariki, Ata akiwa wa kwanza. Kisha nikapiga moyo konde. "Ayen, nataka kukuuliza kitu, na uniambie kweli. Kile kitabu cha tatu ulikisoma wapi?"

"Kitabu gani?"

"Cha Mwenye Mawingu. Ulisema ulikiona Loki."

Aliacha kukoroga chungu, kijiko mkononi. "Mimi? Akiru, si wewe ndio ulisoma? Ulienda Lodwar kwa shangazi yako, ukarudi ukaniambia yote. Tulikuwa pale kwa bomba. Loki mimi ningetoa kitabu wapi?"

"Ni wewe uliyenisimulia."

"Apana! Mimi nilikuwa nauliza maswali tu." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hii stori mimi nimeambia watoto yangu mara mingi. Kila mara nasema, iko rafiki yangu Kakuma, yeye alisoma. Wewe unajua huku kwetu ni mawingu tu? Asubuhi mawingu, jioni mawingu. Wakati nilifika nilikuwa nalia. Sasa nikifungua pazia nasema, ee, Akiru alisema kweli, huyu mtu alishinda, amekuja kukaa na mimi."

Nilijaribu kukumbuka upya, nikaona kivuli, mitungi, mdomo unaosimulia, lakini sasa sikuwa na hakika ni mdomo wa nani. Fahali mweusi mwenye doa pajini, na wimbo wa pembe zake, hakika ni wa Ayen. Kwao msichana hupewa hata jina kwa rangi ya ng'ombe, na yeye mwenyewe alipewa. Lakini wale mbuzi wa kuanzia maisha ni wa kwetu. Farasi wanaokufa kwa kiu ni wa Ata. Mmoja wetu alitangulia kusema amekiona kitabu, labda kwa utani, labda kwa kumwonea mwenzake huruma, na huyo sitamjua kamwe.

"Sasa wewe umepata hiyo ya tatu?" Ayen akauliza. "Umesoma tena?"

"Nimesoma."

"Mwisho ni ileile?"

Kitabu kilikuwa mezani mbele yangu, upande ambao kamera haikuona. Nyuma ya Ayen mtoto mmoja aliita kwa Kiingereza, naye akamnyamazisha kwa mkono bila kuniondolea macho. Niliona jinsi alivyokuwa akisubiri.

"Ni uleule," nikasema.

"Apia."

"Haki ya Mungu."

Akavuta pumzi, akarudi kukoroga chungu chake, na tukaendelea kuzungumza mambo mengine mpaka chakula chake kikaiva.

Wanafunzi wangu wa leo wakitaka kujua hadithi inaishaje, wanaitafuta kwenye simu kabla hawajamaliza sura ya kwanza, na hakuna anayeweza kuwaambia vingine. Siwalaumu, wameondokewa na adha nyingi ambazo sisi tulizivumilia, pamoja na ile foleni. Mimi nitaendelea kusoma riwaya hizi, najijua, na nitaendelea kumkagua kila mwandishi kuanzia ramani yake. Lakini nikiulizwa leo ni mwisho upi ninaouamini kati ya yote niliyowahi kusoma, nitautaja ule ambao hakuna aliyeuandika. Nimeuapia, na kuna mwanamke mmoja mbali huko anayefungua pazia kila asubuhi akitegemea kwamba sikusema uongo.